Kutoka Schola hadi Shule: Uhakiki wa Etimolojia ya Neno Moja katika Miteremko ya Kilimanjaro

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mbili zilizozoeleka za kueleza asili ya neno shule. Ya kwanza ni ile ya kamusi, inayotaja Kijerumani na kuishia hapo. Ya pili ni ile ya tasnifu na hotuba, inayoruka moja kwa moja hadi Kigiriki na kudai kwamba "maana halisi" ya shule ni mapumziko. Kwa kufuata njia ya neno la Kilatini schola katika Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na kwa kutazama jinsi maumbo ya neno hilo yalivyokutana Kilimanjaro kati ya mwaka 1885 na 1893, makala yanadai kwamba etimolojia ya neno la mkopo haina budi kueleza ushindani wa maumbo pamoja na ukoo wake. Mifano ya matumizi ya leo inatoka Kwa Sadala, wilayani Hai.

Utangulizi

Haupiti mwaka bila tasnifu moja au mbili za umahiri kufika mezani kwangu zikiwa na kifungu cha ufafanuzi wa dhana ambacho husomeka karibu hivi: neno shule asili yake ni Kigiriki, maana yake ni mapumziko au wasaa, kwa hiyo shule ni mahali ambapo mtoto anapaswa kuwa huru, asiyelemewa. Hoja hiyo husikika pia katika mahafali, katika semina za walimu na katika hotuba za wageni rasmi. Sina ugomvi na matumaini yaliyomo ndani yake. Ugomvi wangu ni na hilo "kwa hiyo". Kiungo hicho kidogo kinatwikwa mzigo ambao etimolojia haina mabega ya kuubeba: kwamba maana ya neno iliyo kongwe kuliko zote ndiyo maana yake ya haki, na kwamba mzungumzaji wa leo wa Kiswahili anadaiwa na Mgiriki aliyekufa kabla ya Kristo.

Upande wa pili zipo kamusi, ambazo kosa lake ni la kinyume. Desturi iliyojengwa na kamusi za enzi ya ukoloni, ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ikiwa miongoni mwake, na iliyorithiwa na wanaleksikografia wetu wa baadaye, ni kumpa msomaji kifupisho kimoja ndani ya mabano: Kiarabu, Kiajemi, Kihindi, Kiingereza. Kwa desturi hiyo shule ni Kijerumani na skuli ni Kiingereza. Kila taarifa kati ya hizo mbili ni ya kweli. Zikiwekwa pamoja, hata hivyo, zinatoa picha isiyo ya kweli, kwamba tuna maneno mawili ya kigeni yasiyohusiana ambayo yamegongana tu katika maana. Kumbe ni neno moja lililoingia nyumba moja kwa milango miwili.

Kati ya kifupisho kisichosema kitu na hadithi inayosema mno pana eneo pana ambalo wanafunzi wetu hawafundishwi kulitembea. Neno shule linafaa kwa zoezi hilo kwa sababu njia yake inajulikana karibu hatua kwa hatua, na kwa sababu hatua za mwisho za njia hiyo, kwa upande wa bara, zimepita mahali ambapo bado tunaweza kupaonyesha kwa kidole.

Schola ya Warumi na scuola ya Waitaliano

Ni kweli kwamba skholē ya Kigiriki ilikuwa na maana ya kupumzika, kuwa na nafasi, kutokuwa na shughuli. Ni kweli pia kwamba ilipanuka kuelekea kile ambacho mtu huru alifanya katika nafasi hiyo, yaani mazungumzo ya kielimu, na kutoka hapo kuelekea kundi la watu waliozungumza pamoja. Lakini Warumi walipolichukua neno hawakuchukua mapumziko. Cicero anatumia schola kwa maana ya mhadhara au mjadala wa kifalsafa unaoendeshwa kwa mtindo wa Wagiriki. Vitruvius, anapoeleza ujenzi wa mabafu ya umma, anaita schola ile nafasi ya kusimama au kuketi kuzunguka beseni wakati wa kungoja zamu. Vyama vya wenye kazi moja viliita schola jumba lao la kukutania. Katika dola ya baadaye vikosi vya walinzi wa kasri vilikuwa scholae palatinae, na Roma ya mwanzoni mwa Zama za Kati ilikuwa na Schola Saxonum na Schola Francorum, mitaa ya wageni waliotoka kaskazini kuhiji, yenye malazi na makanisa yao. Darasa la watoto wadogo, kwa upande mwingine, Warumi waliliita ludus, neno lililokuwa pia na maana ya mchezo, na ambalo lilitumika vilevile kwa kambi ya kuwafunzia wapiganaji wa kwenye uwanja wa damu.

Tukiuliza ni nini kinachounganisha mhadhara, benchi la bafuni, jumba la chama, kikosi cha askari na mtaa wa mahujaji, jibu haliwezi kuwa mapumziko. Kinachoviunganisha ni watu waliokusanyika kwa jambo moja na mahali wanapokusanyikia. Huo ndio uti wa schola kwa Kilatini, na ndio uliorithiwa na Kiitaliano. Venice ndiyo ushahidi bora. Scuola Grande di San Rocco, ambayo wageni huizuru leo kwa ajili ya michoro ya Tintoretto, haikuwa darasa hata siku moja. Ilikuwa chama cha waumini wa kawaida waliochangishana, wakawauguza wagonjwa wao na kuwazika wafu wao. Msomaji wa Kitanzania hahitaji maelezo marefu hapa: ni chama cha kufa na kuzikana chenye dari la thamani. Wayahudi wa mji huohuo waliita masinagogi yao kwa neno hilohilo, na binamu zao waliozungumza Kiyidishi waliyaita shul. Maana ya darasa ipo katika scuola, na leo ndiyo inayotawala, lakini imekuwa mojawapo ya wapangaji, si mwenye nyumba wa tangu mwanzo.

Kuhusu umbo, Kiitaliano kinafuata kanuni ambayo mwanafunzi yeyote wa isimu historia anaweza kuikagua. Irabu fupi o ya Kilatini, ikiwa na mkazo na ikiwa katika silabi wazi, iligeuka kuwa uo: bonus ikawa buono, novus ikawa nuovo, focus ikawa fuoco, na schola ikawa scuola. Mkazo ukihama, uo haitokei, ndiyo maana mwanafunzi ni scolaro, si "scuolaro".

Sasa jambo ambalo huwashangaza wanafunzi kila ninapoliandika ubaoni. Kijerumani cha kale kilikuwa na neno scuola, herufi kwa herufi sawa na la Kiitaliano. Mtu asiye makini atasema Wajerumani walilipata kwa Waitaliano. Hapana. Uo ya Kijerumani cha kale ilitokana na o ndefu ya lugha mama ya Kijerumani, kama katika bruoder, guot na fuoz, ambayo leo ni Bruder, gut na Fuß. Neno la Kilatini lilipoingia huko lilikuwa likitamkwa kwa o ndefu, likajiunga na maneno ya kundi hilo na kusafiri nayo: scuola, kisha schuole, kisha Schule. Lugha mbili zilifika kwenye umbo moja kwa barabara mbili, moja kupitia irabu fupi na nyingine kupitia irabu ndefu. Mfano huu mmoja unatosha kuwaonya wale wanaotafuta asili ya maneno ya Kiswahili kwa kulinganisha sura za maneno tu bila kuuliza kanuni za sauti.

Sauti sh ya shule ina historia yake. Katika Zama za Kati Kijerumani kiligeuza sk kuwa sch: fisk ikawa Fisch, na kwa mkondo huohuo skuo- ikawa schuo-. Kiingereza nacho kilifanya mabadiliko ya aina hiyo katika maneno yake ya asili, kama ship na fish, lakini school ilisalimika. Maelezo ya kawaida ni kwamba Kilatini kiliendelea kusomwa na kuandikwa na makasisi na kulishikilia neno kwenye sk yake. Kifaransa kilitanguliza irabu mbele ya s, kikapata escole, kisha kikaidondosha s na kubaki na école. Kwa hiyo tofauti kati ya shule ya Moshi na skuli ya Unguja haikuzaliwa Afrika Mashariki. Ilizaliwa mamia ya miaka kabla, katika vinywa vya watu wa kaskazini mwa Ulaya ambao hawakuwa na habari za mlima wetu.

Maumbo manne katika mlima mmoja

Hatua inayofuata hupuuzwa na kamusi na hotuba kwa pamoja, na kwangu ndiyo iliyo tajiri kuliko zote. Kati ya mwaka 1885 na 1893, katika miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, watoto wanne wa schola walikutana.

Wa kwanza kufika alikuwa school. Chama cha Kimisionari cha Kanisa la Anglikana, CMS, kilifungua kituo Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye wasafiri walimwita Mandara, mwaka 1885. Waingereza walikaa miaka saba. Mwezi Juni 1892 kikosi cha Kijerumani kilishindwa na watu wa Mangi Meli, mrithi wa Rindi, lawama zikawaangukia wamisionari hao, nao wakahamia Taveta. Wa pili alikuwa école. Mapadri wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Askofu de Courmont na Padri Alexandre Le Roy, walipanda mlimani mwaka 1890, na misheni ya Kilema ikaanzishwa katika safari hiyo. Mapadri hao walikuja pia na schola yenyewe, kwa kuwa Kilatini kilikuwa lugha yao ya ibada na ya masomo yao ya upadri. Wa mwisho alikuwa Schule. Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ilianza Machame mwaka 1893, ikaenea Mamba na Moshi katika miaka iliyofuata, kisha Masama, ambako Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902, alifanya kazi kabla ya kuhamia Moshi ya zamani.

Tazama basi hali ilivyo. Lau kama kutangulia kungekuwa kigezo, leo mtoto wa Kibosho angekwenda skuli. Lau kama wingi wa vituo na ukongwe wa misheni upande wa mashariki wa mlima ungeamua, tungekuwa na neno lililotoholewa kutoka école, jinsi tulivyo na misa iliyotoka Kilatini. Aliyechelewa kuliko wote ndiye aliyeshinda. Kueleza neno shule kwa kusema "Kijerumani" ni kutaja jina la mshindi bila kusema kwamba kulikuwa na mashindano.

Ipo pia hoja inayotatiza maelezo mepesi kwamba "Walutheri wa Kijerumani walileta neno". Wamisionari wa Leipzig hawakuwa wapenzi wa Kiswahili. Walikiona kama lugha ya pwani na ya Uislamu, wakapendelea kuhubiri na kufundisha kwa Kichaga. Sarufi ya Johannes Raum ya Kichaga cha Moshi, iliyotoka mwaka 1909, ni tunda la msimamo huo, na maandishi ya Gutmann yamejaa hoja hiyohiyo. Watu wa namna hiyo si wa kuwabebesha sifa au lawama ya kueneza neno la Kiswahili. Kilichoeneza shule katika Kiswahili kilikuwa dola. Serikali ya Kijerumani ilifungua shule yake ya kwanza Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikakifanya Kiswahili lugha ya utawala wa ngazi za chini, na ikawatoa hapo makarani, walimu na maakida waliopelekwa bara. Gazeti la Kiongozi lilichapwa katika shule hiyo ya Tanga. Mlimani neno lilipata matumizi kwenye uwanja wa misheni, lakini uzito wake ulitoka pwani, pamoja na karatasi, muhuri na mshahara.

Nao pwani walikuwa na neno lao. Chuo, ambalo kamusi za Krapf na Steere katika karne ya 19 linatajwa kwa maana ya kitabu, lilikuwa tayari ndilo jina la mahali pa kusomea Kurani, na mwanachuoni ni kumbukumbu hai ya matumizi hayo. Kwa nini Wajerumani hawakulitumia? Kwa maoni yangu, kwa sababu lilikuwa limeshika kazi. Serikali ilitaka taasisi yenye daftari la mahudhurio na kalenda yake, isiyochanganywa na ile ya mwalimu wa Kurani. Wamisionari nao walitaka hivyohivyo kwa sababu zao. Neno geni lilikuwa safi kwa maana kwamba halikuwa na mwenyewe. Inafurahisha kwamba chuo halikufa. Lilipandishwa cheo. Leo shule iko chini na chuo kiko juu: mtoto humaliza shule ndipo aende chuo, na mlima wenyewe una Chuo cha Mweka na kile cha ushirika cha Moshi, vyote vya mwaka 1963. Neno la madrasa likapata kitivo, na neno la Warumi likabaki na chekechea.

Sababu za ushindi

Sehemu ya sababu iko ndani ya neno lenyewe. Schule hutamkwa kwa silabi mbili wazi zenye sauti ambazo Kiswahili kilikuwa nazo zote. Halikuhitaji kuongezwa irabu wala kupunguzwa konsonanti. School lilihitaji irabu ya mwisho, na hata baada ya kuipata likabaki na mfuatano sk mwanzoni, ambao wazungumzaji wa zamani wangeelekea kuuvunja kwa kuchopeka irabu, kama walivyofanya kwa karata, kilabu, burashi na gilasi. Shule lilifika likiwa limeshavaa kanzu. Hata hivyo sitaki hoja ya fonolojia ibebe zaidi ya uwezo wake, kwani Zanzibar imesema skuli kwa vizazi kadhaa bila kuona taabu, na Skuli ya Sekondari Lumumba haina dalili ya kubadili jina.

Sababu nzito zaidi ni usanifishaji, na hapa pana kejeli ambayo sijaona ikitajwa inavyostahili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930 kusimamia uamuzi huo, makao yake ya kwanza yakiwa Dar es Salaam. Vitabu vilivyopitiwa na kamati hiyo vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vitabu vya shule. Lakini jina la mahali ambapo vitabu hivyo vingesomwa halikuchukuliwa Unguja. Lilichukuliwa Tanganyika, koloni la zamani la Wajerumani, wakati Waingereza, wenye school yao, ndio waliokuwa wakitawala pande zote mbili. Moshi ilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu Machi 1916, na wamisionari wa Kijerumani walifukuzwa mwaka 1920. Neno halikufukuzwa pamoja nao. Likavuka hadi Kenya, nchi ambayo haikutawaliwa na Ujerumani, kwa njia ya vitabu.

Linganisha na hela. Neno hilo linatokana na Heller, sarafu ndogo ya shaba ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyoanzishwa mwaka 1904. Ni pacha wa shule kwa umri na kwa uraia, na kwa Mtanzania ni neno la kila siku kuliko pesa. Kenya, hata hivyo, pesa ndiyo iliyoshika mdomo wa watu. Hela lilisafiri kwa miguu sokoni, likaishia lilipoishia. Shule lilisafiri ndani ya kitabu.

Ushahidi mwingine unatoka mbali kidogo. Wamisionari wa Consolata kutoka Torino walifanya kazi Kenya tangu 1902 na Iringa tangu 1919. Lugha yao ya nyumbani ilikuwa na scuola. Hawakuacha hata alama ya umbo hilo katika Kiswahili cha Iringa. Na Lubumbashi, ambako kwa miongo mingi lugha ya ofisi ilikuwa Kifaransa, Kiswahili cha mjini hutumia masomo kwa maana ya mahali, neno lililoundwa kwa kitenzi chetu wenyewe. Kuwapo kwa mkopeshaji si sababu ya kutosha ya mkopo. Wareno nao walikuwa pwani kwa karne mbili na escola yao. Wakatuachia meza, bendera, leso, na igreja yao, ambayo ni ecclesia ya Kilatini, ikaishia kuwa gereza. Escola haikuacha kitu.

Shule kama inavyosemwa Kwa Sadala

Kwa Sadala ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Moshi–Arusha, kwenye njiapanda ya kupandia Masama. Siku ya soko hukutana hapo watu wa mlimani na wa tambarare, na kwa mtafiti wa matumizi ya lugha ni mahali pa kukaa kimya na kusikiliza. Matumizi matatu ya shule yanayosikika hapo yanastahili kutazamwa, ingawa hayako hapo tu.

La kwanza ni la kisarufi. Husemwa "mtoto hajaenda shule leo" na husemwa "kikao kitafanyika shuleni". Umbo lisilo na kiambishi -ni hutaja shughuli: kuwa mwanafunzi, kuhudhuria. Umbo lenye -ni hutaja mahali. Mzazi aliyeitwa na mwalimu mkuu anakwenda shuleni. Akisema anakwenda shule, watu watacheka. Kiitaliano kinatofautisha jambo hilohilo kwa kibainishi: andare a scuola ni kusoma, andare alla scuola ni kwenda kwenye jengo fulani. Kishawishi cha kusema kwamba uwili huu wa shughuli na mahali umerithiwa kutoka schola ni kikubwa, na nimewahi kuusikia ukitetewa. Hauwezi kuteteka. Hospitali, benki na posta hutumika bila -ni mara nyingi, nayo hayana undugu na schola, na kinyume chake soko na kanisa huhitaji -ni karibu daima. Tabia hii ni ya Kiswahili na ya jinsi kinavyopokea majina ya taasisi za kisasa. Kufanana na Kiitaliano ni kwa kukutana njiani, kama scuola mbili tulizoziona.

La pili ni la kisemantiki. "Yule ana shule" maana yake ni kwamba amesoma sana; "amekwenda shule" ni sifa, tena mara nyingi husemwa mtu anapotenda au kusema jambo kwa akili. Hapa shule si mahali wala si shughuli, ni mali ambayo mtu anayo. Kilatini hakikuwa na matumizi hayo, wala Kijerumani hakikuyaleta. Yamezaliwa hapa, katika jamii ambamo tangu enzi za misheni kumaliza shule kulikuwa njia ya kutoka kwenye kihamba kisichogawanyika tena. Kamusi inayokosa maana hii inakosa maana iliyo ya kwetu kuliko zote.

La tatu ni wingi wa mashule. Kisarufi tunafundisha kwamba shule ni ya ngeli ya i-/zi- na wingi wake haubadiliki. Mtaani husemwa "mashule haya ya siku hizi", na kiambishi ma- kinaongeza ukubwa, wingi usiohesabika, au dharau. Wanafunzi wetu hukata alama kwa wenzao wanaoandika hivyo. Mimi ningependa waeleze kwanza kwa nini hakuna anayesema "ile shule" kwa dharau bila kubadili kiambishi.

Turudi kwenye mapumziko. Katika kaya ya Kichaga ya mwanzoni mwa karne ya 20 ng'ombe alifungiwa ndani, na majani yake yalikatwa yakaletwa kwa kichwa, kazi ambayo kwa kiasi kikubwa ilikuwa ya wanawake na watoto. Neno Schule lilipofika kwenye kaya hiyo lilikuja kudai saa za mikono ileile. Kwa mzazi lilikuwa hasara ya nguvukazi. Kwa mtoto huenda lilikuwa nafuu ya mzigo wa majani, huenda lilikuwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, kwani majani yaliendelea kuhitajika jioni. Anayetaka kujadili uhuru wa mtoto shuleni ana hoja nyingi za kutumia katika historia hiyo, zilizo karibu na zenye nguvu. Skholē ya mtu huru wa Athens, aliyekuwa na nafasi kwa sababu mtumwa wake hakuwa nayo, si mojawapo.

Kidahizo kinachopendekezwa

Kamusi haiwezi kuwa insha, na nafasi ya kidahizo ni finyu. Lakini mistari michache ya ziada ingetosha kumwonyesha msomaji njia bila kumpa hadithi. Napendekeza muundo huu, ambao unaweza kutumika kwa mikopo mingine yenye maumbo pacha:

shule nm [i-/zi-] 1 mahali rasmi pa kufundishia na kujifunzia, hasa ngazi ya msingi na sekondari. 2 (bila -ni) hali ya kuwa mwanafunzi. Mahudhurio: hajaenda shule. 3 (mazungumzo) elimu aliyo nayo mtu: ana shule. Wingi wa mazungumzo: mashule (ukubwa, dharau). Asili: Kijerumani Schule, kutoka Kilatini schola, kutoka Kigiriki skholē. Njia: Tanganyika, enzi ya Wajerumani, Kiswahili sanifu baada ya 1930. Pacha: skuli (Zanzibar), kupitia Kiingereza school.

skuli nm [i-/zi-] jina la shule katika Kiswahili cha Zanzibar. Pia kundi la wanazuoni wenye mkabala mmoja. Asili: Kiingereza school, kutoka Kilatini schola. Pacha: shule.

Katika kidahizo cha pili nimeepuka kwa makusudi kumrejesha msomaji kwa neno "tazama" peke yake. Skuli si lahaja ya shule iliyopotoka, na Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA la mwaka 2010 lilikuwa ukumbusho kwamba Zanzibar nayo huandika kamusi. Maana ya pili ya skuli nimeiweka kwa sababu hata katika maandishi yetu ya isimu mmoja huandika Skuli ya Prague na mwingine Shule ya Prague, wakati mwingine katika toleo moja la jarida moja. Mhariri anayetaka kuchagua kati ya hizo mbili atapata msaada zaidi kwa kujua kwamba ni neno lilelile kuliko kwa kujua kwamba moja ni Kijerumani.